Meli Ikishapanda Mwamba

Kila meli kubwa inapopanda mwamba, swali la watu wa pwani huwa moja: mbona haivutwi? Tagi zipo, kamba zipo, bahari imetulia, na meli yenyewe inaonekana nzima kabisa. Siku ya tatu watu huanza kunong'ona kuwa kuna njama. Mara nyingi hakuna njama yoyote. Kuna hesabu ya uzito, hesabu ya maji na hesabu ya fedha, na kwa maoni yangu hii ya mwisho ndiyo inayochelewesha zile mbili za kwanza. Ninaandika haya nikiwa Longbridge, pembezoni mwa Birmingham, katikati ya Uingereza, ambako bahari iko mbali kila upande. Hata hivyo hesabu hiyo ya fedha humfikia mtu wa huku pia, na nitaonyesha inavyomfikia.

Tuanze na maji, kwa kuwa pwani yetu ina mfano wa zamani sana. Aprili 1498, Vasco da Gama akipanda kutoka Msumbiji kwenda Mombasa, mojawapo ya meli zake, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu karibu na Tanga kabla ya kupambazuka. Mabaharia walitupa nanga na kungoja. Maji yakapwa, meli ikabaki kavu. Maji yakajaa, ikaelea. Katikati ya kungoja huko wenyeji walifika na vyombo viwili, kimojawapo kikiwa na machungwa ambayo Wareno waliandika kuwa yalikuwa bora kuliko ya kwao. Meli ile haikurudi kwao. Januari 1499, wakati wa kurudi, waliichoma moto papo hapo kwenye mafungu yaliyokwisha kuitwa kwa jina lake, kwa kuwa mabaharia wengi walikuwa wamekufa na waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote tatu. Mwamba haukuiua meli hiyo. Kilichoiua ni upungufu wa watu.

Kazi iliyofanywa pale Tanga ndiyo inayofanywa hadi leo: nanga hutupwa upande wa maji marefu ili meli isisukumwe ndani zaidi, kisha maji yanangojewa. Kilichobadilika ni uzito. Meli inayoelea hubebwa na maji yote yaliyoizunguka. Ikipanda mwamba, sehemu ya uzito huo hutoka kwenye maji na kuangukia jiwe, na hiyo ndiyo sehemu ambayo tagi italazimika kuishinda. Kwa meli ya kubeba madini yenye urefu wa karibu mita 300, kila sentimeta moja ya maji inayopwa huongeza zaidi ya tani 100 juu ya mwamba. Maji yakipungua nusu mita, ni tani elfu kadhaa. Tagi yenye nguvu sana baharini huvuta tani mia mbili au tatu. Anayelalamika kuwa tagi mbili zimeshindwa kuiburuta meli hajapiga hesabu hii.

Kwa hiyo saa ya kukwama ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chombo kilichopanda mwamba maji yakiwa yamekupwa kina bahati, maana maji yanayokuja ni mengi zaidi. Kilichopanda wakati wa kujaa kwa bamvua kiko taabani: kila maji yanayofuata yatakuwa madogo kuliko yale yaliyokipandisha, hadi maji mafu yapite na bamvua nyingine ifike, karibu wiki mbili baadaye. Mvuvi wa Nungwi au Shimoni hahitaji somo hili. Mombasa, tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua hukaribia mita nne, nayo ni neema kubwa kwa muokoaji. Morisi haifiki hata mita moja. Huko, kungoja mwezi hakusaidii sana.

Kuna jambo jingine ambalo likionekana kwa mbali hufanana na wazimu. Waokoaji wazoefu wakifika kwenye meli iliyokwama, mara nyingi huijaza maji. Hufungua matangi ya farumi na kuizamisha kidogo ili ikae imara juu ya jiwe. Meli nyepesi huinuliwa na kila wimbi na kuangushwa tena, na kila pigo linapasua bati la chini na kusaga matumbawe. Ni heri ikae kimya, nzito, huku watu wakitafuta matundu, wakipima kina kuizunguka na kufanya hesabu ya mahali mgongo wake utakapovunjikia. Baadaye ndipo maji hayo yanatolewa, siku ya kuvuta ikifika.

Mwamba wa matumbawe pia si mchanga. Meli ya makontena Ever Given ilipoziba Mfereji wa Suez Machi 2021, ilichimbwa ikatolewa: takriban mita za ujazo 30,000 za mchanga na udongo ziliondolewa, bamvua ya mwezi mpevu ikasaidia, na tarehe 29 Machi ikaelea. Mchanga humbeba mgeni wake kwa upana na unachimbika. Mwamba humbeba kwa ncha mbili tatu, na kati ya ncha hizo meli inaning'inia. Bati likichomwa, maji yanaingia. Yakiingia, uzito unaongezeka. Uzito ukiongezeka, ncha zinazama zaidi ndani ya bati. Kuchimba mwamba ni kuua kile kile unachodai kukilinda.

Kisa cha karibu yetu, na kilichoandikwa vizuri, ni cha Wakashio. Ilikuwa meli ya Kijapani yenye bendera ya Panama, urefu wake kama mita 300, ikitoka Singapore kwenda Brazili bila shehena. Jioni ya tarehe 25 Julai 2020 ilipanda mwamba wa Pointe d'Esny, kusini-mashariki mwa Morisi. Ilikuwa imesogea karibu na nchi ili mabaharia wapate mtandao wa simu, na siku hiyo melini palikuwa na sherehe ya kuzaliwa. Nahodha na msaidizi wake walihukumiwa kifungo cha miezi 20 mwishoni mwa 2021. Ninawaonea huruma kuliko magazeti yalivyowaonea: mwaka ule wa Korona mabaharia wengi duniani walikuwa wamefungiwa melini miezi mingi bila kubadilishwa. Huruma hiyo haiwatoi kwenye kosa la kuzembea zamu.

Meli haikuwa na shehena, lakini matangi yake yalikuwa na takriban tani 3,900 za mafuta ya injini, mbali na dizeli na vilainishi. Julai na Agosti ni miezi ya kusi, na Pointe d'Esny inalikabili kusi uso kwa uso. Mawimbi yaliisukuma na kuizungusha juu ya mwamba, na ilivunjika polepole huku dunia ikitazama. Tarehe 6 Agosti, siku ya kumi na mbili, mafuta yakaanza kuvuja. Kesho yake serikali ikatangaza hali ya dharura ya mazingira. Takriban tani 1,000 ziliingia kwenye maji yaliyo ndani ya mwamba na kwenye mikoko. Wananchi hawakungoja kuitwa: walishona mifuko mirefu, wakaijaza majani ya miwa, wakaitandaza majini kuzuia mafuta, na wengine walikata nywele zao kwa kazi hiyo hiyo.

Lawama za siku zile kumi na mbili bado zinaendelea. Upande mmoja unasema waokoaji walichelewa. Upande wa pili unasema bahari haikuruhusu. Ukitazama yaliyofuata, unaona kazi yenyewe iliwezekana: ndani ya siku chache baada ya mvujo, sehemu kubwa ya mafuta yaliyobaki ilinyonywa kwa pampu na helikopta, na meli ilipokatika vipande viwili tarehe 15 Agosti, matangi yalikuwa karibu matupu. Laiti unyonyaji huo ungeanza wiki moja mapema! Lakini mafuta mazito ya meli hayatoki kama dizeli ya pikipiki. Yakipoa hugeuka mazito mno hadi yapashwe moto, na chumba cha mashine kikijaa maji, mvuke wa kuyapasha haupo tena. Pampu, mabomba na vyombo vya kupokea vilipaswa kusafiri. Kisiwa katikati ya bahari hakina akiba ya vitu hivyo.

Kipande cha mbele kilivutwa na kuzamishwa baharini siku chache baadaye, uamuzi uliokasirisha wengi. Kipande cha nyuma kilikaa juu ya mwamba hadi mwanzoni mwa 2022, kikikatwa kidogo kidogo. Na tarehe 31 Agosti 2020 tagi iliyokuwa kwenye kazi za ajali hiyo ilizama katika hali mbaya ya hewa. Watu watatu walikufa na mmoja hakuonekana tena. Tunapozungumza uokoaji wa meli huwa tunasahau kuwa ni kazi ya watu. Mwaka 1967, meli ya mafuta Torrey Canyon ilipopanda mwamba wa Seven Stones nje ya Cornwall, mkuu wa waokoaji wa Kiholanzi aliuawa na mlipuko katika chumba cha mashine. Baada ya hapo serikali ya Uingereza ilituma ndege za kivita kuipiga meli mabomu ili mafuta yaungue, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejua la kufanya.

Sasa fedha. Tangu 1908 kazi hii imeongozwa na mkataba maarufu wa Lloyd's wa London, ambao msingi wake ni mfupi: usipookoa, hulipwi. Muokoaji hupewa sehemu ya thamani ya mali iliyookolewa. Mkataba huu ni mzuri kwa sababu moja kubwa, nayo ni kwamba unaweza kukubaliwa kwa redio ndani ya dakika chache na bei ikajadiliwa baadaye mbele ya msuluhishi. Kasoro yake ni kuwa unalipa kwa mali na si kwa bahari. Meli kuukuu isiyo na shehena, iliyopasuka, yenye mafuta mabaya tumboni, haina thamani ya kumfanya mtu akimbie. Mwambao unaoweza kuharibika hauhesabiwi kuwa mali iliyookolewa.

Mkataba wa kimataifa wa 1989 ulijaribu kuziba pengo hilo kwa malipo maalumu kwa anayezuia uchafuzi hata akiikosa meli. Mwaka 1997 mahakama ya juu ya Uingereza, katika kesi ya meli Nagasaki Spirit, iliamua kuwa malipo hayo ni gharama tu, bila faida. Hakuna kampuni itakayoweka tagi na wapiga mbizi wangojee ajali miaka nenda rudi ili irudishiwe nauli. Mwaka 1999 wenye bima na waokoaji walitunga nyongeza yenye viwango vya kulipa kwa siku, na mambo yakapata nafuu. Lakini wakati huo huo wenye meli walianza kuukwepa ule mkataba wa haraka, wakipendelea kujadiliana bei ya kila siku kabla kazi haijaanza. Majadiliano hayo yanaweza kuchukua siku mbili, tatu, nne. Mwambani, siku nne za kusi ni maisha yote ya meli.

Hata nchi tajiri hubana matumizi hapa. Uingereza iliwahi kuweka tagi nne za dharura kwenye mwambao wake baada ya ajali kubwa za mafuta za miaka ya 1990. Mwaka 2011 mpango huo ulikatwa kwa sababu za bajeti, ulinzi huo ukabakizwa kaskazini, Scotland. Tangu hapo mwambao wa kusini, wenye meli nyingi kuliko wote, hutegemea tagi za biashara zitakazokuwa karibu siku hiyo.

Kitu kimoja Waingereza wamekifanya vizuri kuliko wengi, na ningependa kukiona Mombasa, Dar es Salaam na Unguja. Baada ya meli ya mafuta Sea Empress kumwaga tani 72,000 za mafuta Wales mwaka 1996, huku kamati zikibishana nani anaamua, serikali iliunda cheo cha mtu mmoja mwenye mamlaka ya mwisho juu ya meli yoyote inayotishia mwambao. Waziri anaweza kumuunga mkono au kumfukuza kazi, lakini shughuli ikiendelea hamwingilii. Januari 2007 cheo hicho kilijaribiwa. Meli ya makontena MSC Napoli, iliyotoka Antwerp kwenda Afrika Kusini ikiwa na makontena 2,318, ilipasuka ubavu katika dhoruba. Mabaharia wote 26 waliokolewa kwa helikopta. Ilipokuwa ikivutwa na kuonekana itakatika, mtu huyo mmoja aliamua ipandishwe makusudi mwambaoni, Branscombe, Devon, ambako ni mwambao wa urithi wa dunia. Wenyeji walikasirika. Uamuzi ulikuwa sahihi: mafuta mengi yalinyonywa, makontena yakashushwa, na miezi sita baadaye meli ikakatwa kwa baruti na kuondolewa vipande vipande. Kwetu, meli kama hiyo ingengoja mamlaka ya bandari, mamlaka ya usafiri wa majini, wizara mbili na wakala wa mazingira wakubaliane nani aitishe kikao.

Napoli ilikuwa na historia na mwamba. Mwaka 2001, ikiwa na jina jingine, ilikwama kwenye mwamba katika bahari za karibu na Singapore kwa takriban miezi miwili, kisha ikatengenezwa na kurudi kazini.

Waingereza wanaikumbuka Napoli kwa pikipiki. Makontena yalipotupwa ufukoni, watu walifika kwa magari wakachukua pikipiki mpya za BMW, vipodozi, mapipa ya mvinyo. Sheria ya huku inamtaka aliyeokota mali ya ajali ya bahari kuitolea taarifa ndani ya siku 28, na polisi waligawa fomu pale pale ufukoni. Lakini ndani ya makontena mengine mlikuwa na picha, zulia na vyombo vya familia zilizokuwa zikihamia Afrika Kusini. Hivyo navyo vilipekuliwa.

Hapo ndipo Longbridge inapoingia. Mji huu ulitengeneza magari ya Austin na Mini kwa miaka mingi na kuyasafirisha duniani kwa meli. Kiwanda kilianguka na MG Rover Aprili 2005, na leo mahali pake pana maduka na chuo. Mzigo unaotoka mitaa hii sasa ni wa aina nyingine. Ni mapipa ya bluu yaliyojazwa nguo, sabuni na viatu vya shule, ni friji iliyofungwa blanketi, ni Toyota kuukuu yenye magurudumu ya akiba ndani. Watu wa Afrika Mashariki wanachangia kontena, wanamlipa wakala, na mzigo unakwenda bandarini kuelekea Mombasa au Dar es Salaam. Swali la kwanza ni bei ya pipa. Swali la bima, kama linaulizwa, ni la mwisho, na jibu la kawaida ni kuwa vitu vyenyewe vimekwishatumika, bima ya nini?

Jibu liko kwenye kanuni ya kale ya baharini: gharama iliyotumika kuokoa meli na shehena yote inagawanywa kwa wote waliookolewa, kila mtu kwa kadiri ya thamani ya mali yake. Chukua mfano wa kubuni. Meli na shehena zake zina thamani ya pauni milioni 100, na kuitoa mwambani kumegharimu milioni tano. Mwenye kontena la pauni 10,000 anadaiwa pauni 500, ingawa hakuna kikombe chake hata kimoja kilichovunjika. Malipo ya waokoaji nayo hudaiwa vivyo hivyo, mwenye meli kivyake na mwenye shehena kivyake. Mzigo hauachiliwi bandarini hadi mwenyewe aweke dhamana. Mwenye bima huipeleka barua kwa kampuni yake, basi. Asiye na bima hutakiwa kuweka fedha taslimu, na katika kontena la kuchangia, mmoja asipolipa, wenzake wote wanakaa. Kwa Ever Given, mwenye meli alitangaza mchango huo mwanzoni mwa Aprili 2021. Meli ilizuiliwa Misri hadi Julai, na ilifika Felixstowe, bandari inayolisha maghala mengi ya katikati ya Uingereza, mwezi Agosti. Kama meli moja inaweza kufanya hivyo kwa kukwama mchangani siku sita, mwamba unaweza kufanya zaidi.

Na meli isipotoka kabisa? Pwani yetu imezoea kuishi na mabaki. Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za mawasiliano chini ya bahari, iliishia kwenye mwamba wa Fawatu karibu na Unguja mwaka 1902, na leo watalii wanapiga mbizi hapo. Meli ya mizigo ya Kigiriki, Paraportiani, ilikwama Panza, kusini mwa Pemba, miaka ya 1960. Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa na Waingereza mwaka 1896, ilisimamisha milingoti yake nje ya maji mbele ya Mji Mkongwe hadi ilipovunjwa mwaka 1912.

Watu husema mabaki hugeuka makao ya samaki. Ni kweli kwa meli iliyosafishwa kabla ya kuzamishwa. Meli iliyokwama kwa ajali ina rangi ya sumu tumboni, iliyotengenezwa makusudi ili viumbe visijishike, na rangi hiyo ikisagwa juu ya matumbawe inaendelea kufanya kazi yake. Rena ilipopanda mwamba wa Astrolabe, New Zealand, tarehe 5 Oktoba 2011, ikiwa na makontena 1,368, ilikuwa imekata njia ili iwahi rubani wa bandari. Ilikatika Januari 2012. Kazi ya kuondoa chuma, makontena na takataka iliendelea miaka, kwa gharama ya mamia ya mamilioni ya dola, na wenye bima mwishowe waliomba ruhusa ya kuacha kilichobaki. Baadhi ya Wamaori, ambao mwamba huo ni wa mababu zao, walitaka kiondolewe chote. Ruhusa ilitolewa, kwa masharti. Mimi nadhani waamuzi hawakuwa na njia nyingine: kufikia hapo, kuondoa kipande cha mwisho kungevunja mwamba zaidi ya kukiacha. Lakini ni hukumu inayomzawadia aliyechelewa.

Mkataba wa dunia kuhusu mabaki ya meli ulipitishwa Nairobi mwezi Mei 2007, na kuanza kutumika Aprili 2015. Unamtaka mwenye meli ya tani 300 na zaidi abebe bima ya kuondoa mabaki, na unairuhusu nchi imdai mwenye bima moja kwa moja bila kuhangaika na kampuni ya mfukoni iliyoandikishwa kisiwa fulani. Ni silaha nzuri. Ila ina kifungu ambacho wenye miamba wangepaswa kukisoma mara mbili. Kwa kawaida mkataba unafanya kazi katika ukanda wa kiuchumi wa bahari, kuanzia pale bahari ya mamlaka ya nchi inapoishia, maili 12 kutoka pwani, hadi maili 200. Ndani ya maili 12 haufanyi kazi hadi nchi itangaze rasmi kuwa inautaka huko pia. Uingereza ilitangaza. Miamba yetu, kuanzia Watamu hadi Mnemba, Chumbe na Mafia, iko karibu yote ndani ya maili 12, mingine ukisimama ufukoni unasikia mawimbi yakiipiga. Tangazo lenyewe ni barua tu kwa Katibu Mkuu wa Shirika la Bahari Duniani, London.